Kabla ya beseni na poda, neti: historia ya kifaa kimoja cha mtoto pwani ya Kilifi

Mama anayezunguka madukani Malindi katika mwezi wake wa tisa huonyeshwa mengi. Kuna beseni lenye kiti ndani, poda, chupa za kunyweshea, mto wenye shimo katikati ambao eti hukinyoosha kichwa, kigari cha kujifunzia kutembea, na kijineti cha kukunja kama mwavuli kilichopambwa kwa vipepeo. Ukiuliza ni wapi palipothibitishwa kwamba kitu hiki kinamfaa mtoto, vingi vya hivyo havina jibu. Kimoja kinalo, na jibu lake halikutoka ng'ambo. Lilitoka katika vijiji vya kaskazini mwa mji wa Kilifi, kati ya mwaka 1993 na 1995. Kifaa hicho ni neti iliyotiwa dawa, chandarua kwa jina lake la vitabuni, na ajabu ni kwamba ndicho mara nyingi hakimo katika orodha ya manunuzi ya uzazi. Nitadai hapa kwamba historia ya neti hii inampa mzazi mpya kipimo cha kupimia kila anachouziwa, na kwamba wanaosema kipimo hicho hakimfai mtu wa kawaida hawajaitazama historia hiyo vizuri.

Pwani hii ilijua tangu zamani kwamba homa huua watoto. Kilichokuwa hakijulikani ni mlango inakoingilia. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika Julai ya mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na binti yao mchanga, wote wawili kwa homa. Miaka miwili baadaye alifungua kituo chake Rabai, ambako leo ni kaunti ya Kilifi. Wazungu wa wakati ule waliilaumu hewa mbaya ya vinamasi, na neno lenyewe malaria ndiyo maana yake. Wenyeji nao walikuwa na maelezo yao. Mtoto anayekakamaa, macho yakageuka, aliambiwa ameshikwa na dege. Wamijikenda wakaiita nyuni, yaani ndege, kwa imani kwamba kuna kitu kilichompitia angani. Ndipo mtoto akafungwa uzi mweusi na hirizi mkononi kabla arobaini haijatimia. Ni rahisi kuicheka hirizi hiyo, lakini tuitendee haki: hatari iliyoiona ilikuwa ya kweli, na hata kuelekeza kidole kwenye kitu kinachoruka hakukuwa mbali sana na ukweli. Tofauti ni ukubwa wa mdudu. Agosti 1897, huko India, Ronald Ross aliwaona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu, na kuanzia hapo hoja ya hewa mbaya ikafa.

Kujua kwamba ni mbu hakukuwapa watoto wa pwani kinga papo hapo. Chandarua kilikuwepo, lakini kilikuwa pambo la kitanda cha wenye nyumba za mawe. Aliyelala kwenye mkeka au kitanda cha kamba hakuwa na pa kukitundikia. Tena neti isiyo na dawa ina udhaifu wake. Mbu hupita kwenye tundu moja lililochanika, au humuuma mtoto mguu ulioegemea kitambaa. Mambo yalibadilika baada ya wataalamu wa Rothamsted, Uingereza, kutengeneza permethrini mwaka 1973, dawa inayomwangusha mbu lakini isiyomdhuru mtu kwa kiasi kinachowekwa kwenye kitambaa. Neti iliyochovywa humo haikuwa tena ukuta tu. Ikawa mtego, na mbu aliyekuja kutafuta tundu akafa kabla hajaliona. Mwaka 1991 ilitangazwa kutoka Gambia kwamba vifo vya watoto wa mwaka 1 hadi 4 vimepungua kwa asilimia 63 katika vijiji vilivyotumia neti hizo. Habari njema mno huzaa shaka, na shaka ilikuwa halali: Gambia ina msimu mfupi wa malaria na watu waliokwisha zoea neti. Je, ingekuwa hivyo mahali pengine? Shirika la Afya Duniani likaunga mkono majaribio manne makubwa, katika Gambia yenyewe, Burkina Faso, Ghana na Kenya. Hapo ndipo Kilifi ilipoingia.

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilikuwa kimeanzishwa Kilifi mwaka 1989, kando ya hospitali ya wilaya. Watafiti, miongoni mwao Christopher Nevill na Robert Snow, hawakuwagawia neti waliozitaka na kuwaacha wasiozitaka, kwa kuwa mzazi anayeikimbilia neti huenda ndiye pia anayemwahisha mtoto hospitalini, na hapo hujui kilichomwokoa ni nini. Waliyagawa maeneo kwa kura, baadhi yapewe sasa na mengine yapewe jaribio likiisha, kisha wakahesabu vifo na watoto waliolazwa pande zote mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Kati ya watoto wa mwezi 1 hadi miezi 59, vifo vilipungua kwa asilimia 33, na kulazwa kwa malaria kali kukapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Ghana walipata asilimia 17, Burkina Faso 15, Gambia safari hii 25. Theluthi nzima ya vifo vya watoto, na si vya malaria peke yake bali vya kila sababu, iliondolewa na kitambaa chenye matundu. Sijui ni kitu gani kingine kinachouzwa dukani kwa jina la mtoto kinachoweza kusimama mbele ya hesabu kama hiyo.

Yaliyofuata ni sehemu ya historia isiyosimuliwa sana, na kwangu ndiyo yenye funzo zaidi. Neti za wakati ule zilihitaji kuchovywa upya dawa kila miezi sita. Jaribio likiendelea, timu ilipita nyumba kwa nyumba na karibu kila neti ikachovywa. Lilipokwisha, watu waliambiwa wazipeleke wenyewe katika vituo, na idadi ikashuka. Walipotakiwa kulipia dawa, neti zilizochovywa hazikufika hata asilimia 10. Wale wale waliokuwa wameona watoto wao wakipona! Wapo waliohitimisha kwamba watu wa Kilifi hawajali. Hitimisho hilo halisimami. Mwaka 2004 serikali na washirika walianza kuuza neti kwa shilingi 50 katika kliniki za mama na mtoto, na mwaka 2006 ziligawiwa bure, karibu milioni 3.4, kwa watoto wa chini ya miaka 5. Katika wilaya nne zilizofuatiliwa, jirani zetu wa Kwale wakiwemo, watoto waliolala ndani ya neti yenye dawa walikuwa kama asilimia 7 mwaka 2004. Mwisho wa 2006 walikuwa 67. Kwa familia maskini kabisa idadi iliruka kutoka asilimia 3 hadi 66. Akili za wazazi hazikubadilika ndani ya miaka miwili. Kilichobadilika ni bei, pamoja na ujio wa neti zinazohifadhi dawa kwa miaka kadhaa bila kuchovywa.

Hapa mtu wa biashara atasema kwamba cha bure hakithaminiwi, na atanyoosha kidole ufukweni, ambako neti zimeonekana zikivulia uduvi na vifaranga vya samaki, au zikizungushiwa vitalu vya miche. Uvuvi huo upo, unaangamiza samaki wadogo, na sheria inaukataza. Lakini dai lenyewe lilipimwa. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliuza neti kwa bei mbalimbali katika kliniki za magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2010: bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40, waliochukua walipungua kwa asilimia 60 hivi, na waliopewa bure hawakuzitumia pungufu kuliko walionunua. Neti kuukuu inayoonekana baharini haituambii ni ngapi zimetundikwa vitandani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na lilitoka kwa wanasayansi wenyewe. Mtoto wa pwani hujenga kinga ya mwili kwa kuumwa mara kwa mara. Ukimkinga leo, je, hutaahirisha tu kifo chake hadi akiwa na miaka minane? Swali hilo lilijadiliwa miaka mingi bila jibu la kuridhisha. Mwaka 2022 likaja jibu kutoka bonde la Kilombero, Tanzania, ambako watoto zaidi ya 6,000 waliozaliwa kati ya 1998 na 2000 walifuatiliwa hadi 2019. Waliolala kwenye neti utotoni walikuwa hai kwa wingi zaidi hata walipofika utu uzima. Deni lililoogopwa halikudaiwa. Pingamizi la tatu nalikubali kwa sehemu: malaria ya Kilifi ilipungua kwa sababu nyingi. Watoto waliolazwa kwa malaria katika hospitali ya Kilifi walishuka kwa zaidi ya robo tatu kati ya 2003 na 2007, na mteremko huo ulianza kabla neti hazijaenea. Kwa hiyo anayesema neti peke yake ndiyo iliyofanya kazi yote anaipa sifa isiyo yake. Lakini hiyo ndiyo faida ya kura ya 1993: inatuwezesha kutenga sehemu ya neti na kuitaja kwa tarakimu. Na wanaodhani chanjo ya malaria iliyoidhinishwa Oktoba 2021 imeiweka neti kando wakumbuke kwamba chanjo huanza mtoto akiwa na miezi mitano au sita. Mbu hangojei.

Sasa tupime vingine kwa kipimo hichohicho. Chupa ya maziwa ya kopo iliingia Afrika kwa matangazo wala si kwa ushahidi, na madhara yake, pale maji yasipokuwa safi, ndiyo yaliyosababisha mwongozo wa kimataifa wa Mei 1981 kuhusu uuzaji wake. Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012. Kigari cha kujifunzia kutembea kilipigwa marufuku Canada tangu 2004 kwa watoto kuporomoka nacho ngazini, lakini huku bado kinapambwa kwa muziki. Wanja wa kumpaka mtoto machoni mara nyingi husagwa kutokana na jiwe lenye risasi, sumu ya ubongo isiyo na kiwango salama, na mila haiipunguzi. Upande wa pili, leso ya bibi inashinda. Kumfunga mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, kulianza kufundishwa hospitalini Bogotá mwaka 1978, na jaribio lililofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, likachapishwa 2021, lilionyesha vifo vya watoto waliozaliwa na uzito mdogo vikipungua kwa asilimia 25 utaratibu huo ulipoanza mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kungojea mtoto atulie. Leso mbili na neti moja: hapo umeshanunua vilivyo muhimu.

Kuitumia neti nako kuna namna yake. Neti mpya ianikwe kivulini kutwa na kucha kabla ya kutundikwa, ichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote, ifuliwe kwa sabuni ya kipande bila jiki, ikaushwe mbali na jua kwa sababu jua huila dawa, na tundu lishonwe siku hiyohiyo. Kijineti cha vipepeo kwa kawaida hakina dawa; kinafaa kuzuia nzi mchana, lakini usiku mtoto alale ndani ya neti ya mamake, chali, bila mito kumzunguka. Neti yenye dawa hutolewa bure kwa mjamzito na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja katika kliniki za serikali za pwani. Siku ya kwanza ya kliniki, kabla hujapita dukani kuulizia bei ya beseni, muulize muuguzi neti yako iko wapi. Na akikwambia zimekwisha, muulize zinaletwa lini.