Jaketi la mzamiaji: Linavyokaa mwilini na linavyoachia uzito

KATIKA Kata ya Kiloleli, Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, jaketi likitajwa karibu na maji watu huelewa kitu kimoja: lile vazi la rangi ya chungwa ambalo mvuvi hutakiwa kulivaa kabla ya kusukuma mtumbwi kuelekea Ghuba ya Speke.

Lipo jaketi jingine linalofanana nalo kwa umbo, lakini kazi yake ni nyingine kabisa. Hilo ni jaketi la mzamiaji, ambalo hujazwa na kupunguzwa hewa ili aliyelivaa aamue mwenyewe kama atazama, ataning'inia katikati ya maji au atapanda juu.

Kuyachanganya mawili hayo ni hatari. Jaketi la kuokolea maisha hupimwa kwa viwango vya kimataifa vya ISO 12402, na lile lenye nguvu ya kuelea ya nyutoni 100 au zaidi hutarajiwa kumgeuza aliyezimia ili uso wake uelekee juu. Kiwango cha Ulaya cha jaketi la mzamiaji, EN 1809, hakitoi ahadi hiyo. Mzamiaji akipoteza fahamu, jaketi lake linaweza kumwelesha huku uso ukiwa ndani ya maji.

Nchini Tanzania uzamiaji wa mitungi hujulikana zaidi kama burudani ya watalii wa Mnemba, Pemba na Mafia. Katika Ziwa Victoria mambo ni tofauti. Huku mzamiaji huitwa watu wanapokuwa wamekwisha kuzama.

Ndivyo ilivyokuwa MV Bukoba ilipopinduka Mei 21, 1996, na ndivyo ilivyokuwa tena kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 20, 2018 karibu na Kisiwa cha Ukara, ng'ambo ya Ukerewe, ambako wazamiaji walimtoa fundi wa kivuko hicho akiwa hai baada ya siku mbili. Novemba 6, 2022 ikawa zamu ya ndege ya Precision Air iliyotumbukia ziwani mjini Bukoba. Mitumbwi inayopinduka baina ya matukio hayo makubwa haipati nafasi katika kurasa za mbele.

Kwa kazi ya namna hiyo, kuchagua jaketi kwa kutazama idadi ya mifuko na rangi ni kosa. Mambo mawili ndiyo yanayostahili kuulizwa kwanza: je, linashika mwili, na je, uzito wake unaweza kuachiwa kwa mkono mmoja, gizani, kwa kupapasa?

Chanzo chake na aina zake

Mfaransa Maurice Fenzy ndiye anayetajwa kuwa aliyetengeneza, mwaka 1961, jaketi la kwanza la aina hii lililopata umaarufu. Lilivaliwa shingoni kama kola kubwa na kujazwa kwa kichupa kidogo cha hewa. Aina hiyo ilimshika mtu vizuri juu ya maji, ila chini ilimvuta kifua juu na kumwacha akitembea wima kama mtu anayepanda ngazi.

Tangu miaka ya 1970 aina hiyo imepisha mengine mawili. La kwanza ni lile linalomzunguka mtu, ambalo hewa yake hujaa mgongoni, ubavuni na wakati mwingine hata mabegani. Hili ndilo linalokodishwa zaidi katika vituo vya watalii, na ndilo mwanafunzi hufundishiwa. Juu ya maji humkalisha mvaaji wima na kwa starehe.

Kasoro yake huonekana likijazwa sana. Mfuko wa hewa unapovimba kuelekea ndani, hubana mbavu, na mtu aliyechoka, ambaye anahitaji pumzi ndefu kuliko wakati wowote, hukuta kifua hakina nafasi ya kupanuka.

La pili huweka hewa yote mgongoni, pembeni mwa mtungi, kama mabawa. Wengine hulifunga kwenye bamba la chuma au aluminiamu kwa mkanda mmoja mrefu unaopita mabegani, kiunoni na katikati ya mapaja. Kifua hubaki huru, na mwili hulala sambamba na sakafu ya maji, jambo linalomfaa anayetafuta kitu chini bila kutibua tope. Likijazwa kupita kiasi juu ya maji humsukuma mvaaji kifudifudi, na ni lazima ajifunze kuegemea nyuma kama aliyekaa kwenye kiti.

Kukaa mwilini

Jaketi hujaribiwa likiwa juu ya suti ile ile itakayovaliwa majini. Mikanda ikishakazwa, lijazwe hewa mpaka vali ya usalama ianze kupumua, kisha mvaaji avute pumzi hadi mwisho. Akishindwa, jaketi ni dogo au halikutengenezewa umbo lake.

Baadaye hewa itolewe yote na mtu mwingine alinyanyue jaketi kwa kulishika mabegani. Likipanda mpaka masikioni huku mwili umebaki chini, ni kubwa, na majini litafanya vivyo hivyo: mtungi utayumba ubavuni, nao mkono utatafuta vishikio mahali ambapo havipo tena.

Urefu wa kiwiliwili una maana kuliko uzito wa mtu, ingawa wauzaji wengi huuliza kilo kwanza. Mtu mrefu mwembamba akivaa jaketi la mnene, mkanda mpana wa tumboni hufika mwisho wa kukazwa kabla haujamshika. Kwa wanawake yapo majaketi ambayo mikanda ya mabega imepindwa ili isibane kifua na ambayo mgongo wake ni mfupi. Hayo si mapambo ya kibiashara, kwani jaketi refu humgonga nyonga na kumzuia kujikunja.

Tatizo hili huwa kubwa zaidi kwa vikosi vinavyotumia vifaa vya pamoja. Kishawishi ni kununua majaketi yote ya ukubwa mmoja, tena ule mkubwa, kwa hoja kwamba anayetosha kubwa hawezi kukosa, na mdogo atakaza. Mdogo hakazi, hubaki akielea ndani ya jaketi. Ni heri majaketi machache ya ukubwa tofauti kuliko mengi ya ukubwa mmoja.

Kuachia uzito

Mwili wa binadamu pamoja na suti ya mpira huelea, kwa hiyo mzamiaji hubeba vipande vya risasi ili vimzamishe. Vipande hivyo ndivyo anavyopaswa kuvitupa pale hewa inapomwishia au jaketi linapogoma kujaa akiwa juu ya maji. Ripoti za ajali ambazo shirika la Divers Alert Network limekusanya kwa miaka mingi zimerudia jambo moja la kusikitisha: wengi wa waliokufa walikutwa bado wamefunga uzito wao.

Njia ya zamani ni mkanda wa risasi kiunoni, wenye bizimu inayofunguka kwa kuvutwa mara moja. Ni rahisi, haina kitu cha kuharibika, na bizimu hutambulika kwa vidole hata maji yakiwa meusi. Ubaya wake ni kwamba mkanda huteleza kwa asiye na nyonga, na hulegea kadiri suti inavyobanwa na kina cha maji. Mkanda wa mpira unaonyumbuka hupunguza adha hiyo. Anayetumia jaketi lenye mkanda wa kati ya mapaja hana budi kuhakikisha mkanda wa risasi unakuwa nje yake, maana ukivaliwa ndani, bizimu itafunguka na risasi zitaning'inia palepale.

Njia ya pili ni mifuko ya risasi iliyomo ndani ya jaketi lenyewe, kulia na kushoto, kila mmoja ukiwa na kishikio cha kuvutia. Hii imependwa kwa sababu huondoa mzigo kiunoni. Hata hivyo mifuko hiyo hailingani. Ile inayoshikiliwa kwa velkro peke yake hufanya kazi vizuri ikiwa mipya. Mchanga na tope vikishaingia katika vinyweleo vyake, mshiko hupungua, na mfuko unaweza kuchomoka wakati mzamiaji ameinamisha kichwa chini. Anayepoteza kilo nne ghafla akiwa kwenye kina hupaa kwa kasi, na kupaa huko kunaweza kupasua mapafu.

Mifuko inayojifunga kwa kibanio cha plastiki huaminika zaidi, kwa kuwa hulia ‘tak’ inapokaa sawasawa na haitoki mpaka kishikio kivutwe. Nayo ina mtihani wake. Katika baadhi ya majaketi yanayojaa hewa ubavuni, hewa ikiwa nyingi hubana mfuko, na mkono huhitaji nguvu maradufu. Jaribio la dukani hufanyika jaketi likiwa tupu. Jaribio la maana hufanyika likiwa limejaa, glavu zikiwa mkononi, macho yakiwa yamefumbwa.

Ipo pia mifuko midogo ya nyuma, karibu na mtungi, ya kusawazisha mlalo wa mwili. Hiyo haiachiwi. Vivyo hivyo bamba la chuma, ambalo peke yake huwa na uzito wa kilo mbili hadi tatu. Mtu mwenye bamba hilo, mtungi wa chuma na suti nyembamba anaweza kujikuta ni mzito na hana hata kipande kimoja cha kutupa. Kwa maji ya uvuguvugu ya ziwa hili, mpangilio huo haufai.

Nyavu nazo zina neno lake. Ghuba ya Speke ina nyavu za makila, na vishikio vinavyoning'inia ni ndoana tosha ya kunasa uzi. Mzamiaji aliyenaswa wakati mwingine hulazimika kuvua jaketi ili ajinasue. Kama risasi zote zimo ndani ya jaketi, yeye atavutwa juu na jaketi litavutwa chini. Aliyegawa uzito, sehemu kiunoni na sehemu mfukoni, hubaki karibu na mtungi wake. Mgawanyo huo pia humfaa anayerudi kwenye mtumbwi usio na ngazi, kwani hutoa kwanza mkanda, kisha jaketi lililopungua uzito, kisha hujivuta mwenyewe.

Hesabu za ziwani

Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia mbili na nusu. Mzamiaji ambaye yeye na vifaa vyake hufikia kilo 100, na ambaye amesawazishwa vizuri huko Nungwi, akiingia Ziwa Victoria na vitu vilevile atakuwa amezidisha karibu kilo mbili na nusu. Uzito huo ataufidia kwa kujaza hewa zaidi katika jaketi, na hewa hiyo ndiyo itakayomsumbua wakati wa kupanda.

Ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako kani ya hewa ni takriban asilimia 87 ya ile ya pwani. Kutoka kina cha mita 10 hadi juu, hewa iliyo ndani ya jaketi baharini hutanuka mara mbili. Ziwani hutanuka zaidi ya hapo. Majedwali ya uzamiaji ya pwani nayo hayatumiki huku bila kurekebishwa, kwa kuwa marekebisho huanza kuhitajika kuanzia mita 300.

Njia ya kupata uzito sahihi ni moja. Mzamiaji asimame majini kwenye kina kinachomzidi, mtungi ukiwa umebaki na hewa kidogo, jaketi likiwa tupu, na ashike pumzi ya kawaida. Maji yakimfika machoni, na akitoa pumzi akazama taratibu, ametosha. Mtungi uliojaa haufai kwa kipimo hiki, kwa sababu hewa ya mtungi wa kawaida wa lita 11 ina uzito wa zaidi ya kilo mbili, ambao huisha kadiri inavyovutwa.

Majaketi mengi yanayofika bara ni yaliyokwisha tumika. Hayo yajazwe hewa na kuachwa usiku kucha. Likinywea asubuhi, lina tundu au vali imechoka. Mifuko ya risasi ichunguzwe kama ni ya jaketi hilohilo, maana ya mtengenezaji mmoja mara nyingi haifungi katika jaketi la mwingine, na ya toleo la zamani huenda haiuzwi tena. Jaketi lililopoteza mifuko yake bado linatumika, ila risasi zote zihamie kwenye mkanda wa kiunoni.