Jaribio la uzimaji wa seva umeme unapokatika

Jaribio la uzimaji wa seva ni zoezi la kuhakikisha kwamba seva zinazotegemea UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda mfupi, zinajizima kwa utaratibu kabla chaji haijaisha. Seva ikizimika ghafla, mafaili na hifadhidata huweza kuharibika.

Katika programu huria ya Network UPS Tools (NUT), iliyoanzishwa na Russell Kroll, amri ya upsmon -c fsd huanzisha uzimaji huo bila kungoja betri iishe. Si maigizo: seva huzimika kweli, hivyo watumiaji huarifiwa mapema. Seva kuu, yaani ile inayowasiliana na UPS moja kwa moja, huzitangazia nyingine zijizime, huzisubiri, kwa kawaida hadi sekunde 15, kisha nayo hujizima. Mwisho kabisa huiagiza UPS ikate umeme.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi. Umeme ukirudi baada ya seva kuzimika lakini UPS haijakata, seva hazihisi badiliko lolote na hubaki zimezimika hadi mtu aje kubonyeza kitufe. UPS ikikata kisha ikarudisha, seva huwaka zenyewe, mradi BIOS, programu ya kuwashia kompyuta, imepangwa hivyo.

Amri ya upsmon -c fsd haipimi betri. Kwa hilo umeme hukatwa hasa, na ni afadhali kuzima swichi ya saketi kuliko kuchomoa plagi, maana kuchomoa huondoa pia waya wa ethi. Fundi mwangalifu huchomeka kwanza taa badala ya seva, ili betri ikishindwa seva isizimike ghafla.