Unga wa Mjini: Toka Mchi Hadi Mashine

Ndugu mkulima, leo tuutazame unga wa Dar es Salaam. Zamani mama alitwanga kwa mchi na kupepeta kwa ungo, mikono ikaota malengelenge. Mashine ikamtua mzigo huo, hakuna ubishi. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha viwanda vya kusaga nafaka. Shirika la Usagishaji la Taifa likaja kuulisha mji. Soko jipya la Kariakoo lilipofunguliwa mwaka 1975, unga uliozoeleka mjini ulikuwa sembe.

Kwa nini sembe, siyo dona? Si weupe tu, jamani! Kukoboa huondoa pumba na kiini. Kiini kina mafuta, na mafuta ndiyo yanayoharibu unga upesi. Kikitoka, unga hukaa ghalani muda mrefu. Kwa kiwanda kikubwa hiyo ni faida. Lakini vitamini nazo huondoka humo humo, zikaliwe na kuku. Hata mimi sembe naipenda, sikatai.

Mwaka 1984 ruzuku ya sembe ilifutwa, bei ikapanda. Hapo hesabu inauma: debe likikobolewa hutoa unga pungufu, la dona hubaki karibu lote. Basi anayesaga dona akaushe mahindi vizuri, asage ya siku chache tu.