Fonti za bure kwa kadi na vitabu vyetu: ninazochagua

Anayetengeneza kadi za harusi, vijitabu vya maulidi au diwani za mashairi hapa Pwani hana haja ya kununua fonti. Fonti nzuri za serifu, yaani zile ambazo ncha za herufi zake zina vijistari vidogo, zipo za bure. Lakini neno "bure" lina mitego yake, na wa kudaiwa baadaye ni aliyechapisha.

Mimi husoma leseni kabla ya kutazama uzuri. Fonti nyingi za mitandaoni ni bure kwa matumizi ya nyumbani tu. Ukiitia kwenye kitabu cha kuuzwa, mwenyewe ana haki ya kudai malipo. Kwa hivyo natafuta zilizo chini ya SIL Open Font License. Leseni hiyo yakuruhusu kuchapa na kuuza kazi yako, na hata kuirekebisha fonti. Usiloruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Nyingi zilizomo Google Fonts ni za leseni hii.

Kisha naijaribu kwa maneno yetu, si kwa ile sentensi ya Kiingereza iliyowekwa kama mfano. Naandika ng'ambo, ng'ombe, Sh 1,250. Fonti za mapambo, khasa zile za majaribio, mara nyingi hazina tarakimu au ile alama ya ng', na kompyuta huziba pengo kwa fonti nyingine. Kadi hutoka na viraka.

Kwa kitabu, chaguo langu la kwanza ni Gentium ya Victor Gaultney. Anayeandika maneno ya Kiarabu kwa herufi za Kirumi, zenye nukta chini ya h, s na t, atazikuta zote. EB Garamond, iliyofuata sampuli ya herufi iliyochapwa 1592, ina haiba zaidi. Naipenda kwa mashairi na kadi. Playfair Display naiweka kwenye vichwa pekee. Mistari yake myembamba hupotea ikiwa ndogo, na ukitoa fotokopi ndio basi.

Palipo na Kiarabu natumia Amiri. Khaled Hosny wa Misri aliifufua kutokana na naskhi ya Matbaa ya Amiria ya Bulaq, Cairo. Ina herufi za Kirumi pia, kwa hivyo ukurasa wenye hati mbili haugombani. Acha tu nafasi pana baina ya mistari, irabu zisigongane. Na anayeandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu ajaribu kwanza p, ch, v na g, ambazo Kiarabu hakina, kabla ya kupanga utenzi mzima.

Ukipeleka kazi matbaa, peleka PDF yenye fonti ndani yake. Faili la kawaida likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, herufi hubadilika zenyewe, mistari ikasogea, na ubeti ukakatika katikati ya ukurasa.