Jeraha la uti wa mgongo: kulinda ngozi na kufanya mazoezi nyumbani

Jeraha la uti wa mgongo hukatiza mawasiliano kati ya ubongo na sehemu za mwili zilizo chini ya jeraha hilo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na hali hiyo.

Anayerejea nyumbani Rugerero, wilayani Rubavu, magharibi mwa Rwanda, hukabiliwa na hatari ya vidonda vya mgandamizo, kwani ngozi iliyopoteza hisia haimwonyi. Kitandani hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, hujiinua au huinama mbele kila dakika 15 hadi 30. Makalio na visigino hukaguliwa kila siku.

Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 inawapendekezea watu wazima dakika 20 za mazoezi ya moyo na mapafu, mara 2 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli, pia mara 2. Kwenye njia za miinuko mabega huchoka upesi. Kwa ushauri wa mtaalamu, chupa zilizojaa maji zaweza kuinuliwa uani.

Homa, au ngozi iliyobadilika rangi na isiyorejea hali yake, ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.