Kanuni za Kupima Umilisi wa Lugha: Historia ya Kiswahili cha Misafara na Migodi katika Shinyanga na Geita

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kanuni zilizotumika kupima ujuzi wa Kiswahili katika eneo la Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, tangu misafara ya karne ya 19 hadi sheria ya lugha ya mwaka 2021. Yanatumia kama kioo cha ulinganishi kanuni za lugha katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, hasa ile ya bunilizi ya kisayansi, ambamo kila mhusika hupewa daraja la lugha lililo wazi. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha lugha katika eneo hili kilimtazama zaidi anayetawala kuliko anayefanya kazi, na kwamba ujuzi mpana wa lugha wa wachimbaji haukuwahi kupata daraja katika mizani yoyote rasmi.

1.0 Utangulizi

Kusema kwamba mtu "anajua" lugha ni kutoa hukumu, na kila hukumu ina kanuni nyuma yake hata pale ambapo kanuni hiyo haikuandikwa. Wabunifu wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika hawana budi kuiandika, kwa kuwa mchezaji anayetaka mhusika wake azungumze na wenyeji wa sayari ngeni lazima ajue kama ataeleweka. Mchezo wa Dungeons & Dragons wa mwaka 1974 ulichukulia lugha kuwa jambo la kuwa nayo au kutokuwa nayo, na ukaweka lugha ya pamoja inayojulikana na wanadamu wengi. Toleo la nne la mfumo wa GURPS (2004), unaotumika pia kwa bunilizi ya kisayansi, liliweka hatua nne: kutoijua lugha, kuijua kwa kuivunjavunja, kuijua kwa lafudhi ya kigeni, na kuijua kama mzawa. Tena likatenganisha kuzungumza na kusoma.

Nje ya michezo, mizani ya namna hiyo ilibuniwa kwa ajili ya wanadiplomasia wa Marekani katika miaka ya 1950, ikiwa na alama 0 hadi 5. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mizani yake ya ngazi sita, A1 hadi C2. Mizani zote hizi hujibu swali la "kiasi gani". Swali la kihistoria linalojadiliwa hapa ni jingine: nani alipimwa, na kwa manufaa ya nani?

2.0 Umilisi kabla ya mtihani

Kiswahili kilifika katika nchi za Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa kwa miguu ya wapagazi. Wafanyabiashara wa Kinyamwezi walikuwa wakiongoza misafara yao hadi pwani tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na Tabora ikawa njia panda ya misafara ya Ziwa Tanganyika, Karagwe na Ziwa Viktoria. Katika mazingira hayo, aliyejua lugha ni yule ambaye shughuli yake ilikamilika: aliyepatana bei ya pembe, akaomba njia kwa mtemi, akarudi salama.

Mfano ulio dhahiri ni safari ya John Hanning Speke mwaka 1858 kutoka Tabora hadi Mwanza kupitia Usukuma. Speke hakukimudu Kiswahili. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuishi India, naye Bombay akazungumza Kiswahili na wapagazi, ambao miongoni mwao walikuwamo wenye uwezo wa kusema na wenyeji kwa lugha zao. Umilisi hapa haukuwa mali ya mtu mmoja. Ulikuwa mnyororo, na uimara wake ulitegemea kila pete. Kwa kipimo chochote cha mtu mmojammoja, Speke angepata sifuri. Hata hivyo, safari yake ndiyo iliyoandikwa vitabuni kama ugunduzi.

Mnyororo huo ulivuka mipaka ya eneo. Msiri, mtu wa asili ya Wasumbwa, alikwenda Katanga katika karne ya 19, akajenga dola ya Wayeke iliyodumu hadi alipouawa mwaka 1891. Watu kutoka ardhi ambayo leo ni ya machimbo ya dhahabu ya Tanzania walikuwa miongoni mwa waliotangulia kukitumia Kiswahili katika nchi ya shaba.

3.0 Kipimo cha mtawala

Utawala wa kikoloni uliugeuza umilisi kuwa sifa ya mtu mmoja inayothibitishwa kwa mtihani. Chuo cha Lugha za Mashariki kilichoanzishwa Berlin mwaka 1887 kilifundisha Kiswahili kwa waliokusudiwa kwenda Afrika Mashariki. Waingereza walipoichukua Tanganyika waliendeleza desturi hiyo: maofisa walitahiniwa Kiswahili, na mitihani iligawanywa katika kiwango cha chini na kiwango cha juu. Uamuzi wa Mombasa wa mwaka 1928 wa kuchagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, na kamusi za mwaka 1939 zilizohusishwa na Frederick Johnson viliupa mtihani huo kitu cha kupimia: Kiswahili kimoja chenye usahihi unaoweza kusahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Pembeni ya mizani hiyo ilikuwapo ya pili, isiyo na cheti. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara ambacho jina lake linawataja walengwa wake bayana: askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Mwaka huohuo unahesabiwa kuwa mwanzo wa kipindi kikuu cha mgodi wa Geita, uliofanya kazi hadi 1966. Miaka minne baadaye, mwaka 1940, John Williamson aligundua almasi Mwadui, Shinyanga. Kwa hiyo, ofisa wa serikali alitarajiwa kupanda ngazi za Kiswahili sanifu, ilhali msimamizi wa mgodi aliandaliwa Kiswahili cha kumtosha kuagiza kazi.

Hali hii haikuwa ya Tanganyika pekee. Fabian (1986) ameonesha jinsi vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu wa Katanga vilivyojaa amri na msamiati wa kazi. Katika migodi ya Afrika Kusini, Fanagalo ilipata umbo la pijini hasa kwa sababu hakuna upande uliotakiwa kujifunza lugha ya mwenzake kwa ukamilifu. Tofauti ya Shinyanga na Geita ni kwamba lugha ya kazi ilikuwa pia lugha ya shule, ya mahakama za mwanzo na ya siasa. Mfanyakazi aliweza kukipanua Kiswahili chake nje ya lango la mgodi. Jambo ambalo hakuweza ni kuhesabiwa: msumbwa aliyezungumza Kisumbwa, Kisukuma na Kiswahili aliingia mgodini akiwa "mtu asiyejua Kiingereza".

4.0 Mgodi, sheria na duara

Baada ya uhuru, Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na hadhi ya Kiswahili ikapanda katika utawala. Sheria za madini, hata hivyo, zilibaki kwa Kiingereza: ya 1979, ya 1998 na ya 2010. Chini ya sheria ya 1998 ndipo ilipofunguliwa migodi mikubwa: Geita (2000), Bulyanhulu (2001) na Buzwagi (2009). Mwanakijiji wa Kahama aliyetaka kujua haki yake juu ya ardhi yenye leseni ya mtu mwingine alihitaji kwanza mkalimani.

Sheria ya Uraia ya 1995 inatoa ulinganishi unaofaa. Mgeni anayeomba uraia wa Tanzania anatakiwa awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Neno "kutosha" halina ngazi, wala hazitenganishwi stadi za kusema na kusoma; na kiunganishi "au" kinamruhusu mtu kuwa raia bila Kiswahili. Ni kanuni ya kuwa nayo au kutokuwa nayo, sawa na ile ya mchezo wa 1974.

Wakati huohuo wachimbaji wadogo walikuwa wakijenga istilahi bila kungoja kamati. Duara, neno la umbo, limekuwa jina la shimo la kuchimbia. Mwalo, ambao kwa wavuvi wa Ziwa Viktoria ni mahali pa kupakua samaki, kwa mchimbaji ni pa kuoshea dhahabu. Kiingereza kimetoa karasha, mtambo wa kusaga mawe, na matimba, miti ya kuzuia duara lisiporomoke; kitenzi kurudia kimezaa marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa. Hapa kuna upanuzi wa maana, utohozi na unyambuaji, njia zilezile zinazopendekezwa na wanaistilahi. Mtu anayemudu msamiati huu anamudu Kiswahili cha kitaalamu. Anapoomba ajira katika mgodi mkubwa, hakuna kisanduku cha kuujaza ujuzi huo.

5.0 Mjadala

Kanuni za michezo zinafundisha mambo mawili na kukosea moja. Kwanza, kutenganisha kusema na kusoma si anasa ya kitaaluma. Mchimbaji hodari wa kujieleza kwa Kiswahili anaweza kushindwa kusoma mkataba, na mwenzake anayesoma ilani ya usalama ya Kiingereza kwa sauti anaweza asielewe inachokataza. Pili, kanuni ya mchezo humpima kila mhusika, bwana na mtumishi, mgeni na mwenyeji, kwa mizani moja. Historia iliyoelezwa hapa haikufanya hivyo.

Kosa liko katika kuiweka lafudhi kuwa ngazi iliyo chini ya uzawa. Kisukuma, kama Batibo (1985) alivyokichambua kifonolojia na kimofolojia, kina mfumo wake kamili wa sauti. Ni lugha ya toni yenye irabu saba, tofauti na tano za Kiswahili, na haipambanui /r/ na /l/. Msukuma anayetamka "balabala" anatumia fonolojia ya lugha yake ya kwanza. Haelezi chochote kuhusu uwezo wake wa kuelewa hukumu, kujadili bei au kutoa ushahidi. Katika nchi ambayo wasemaji wengi wa Kiswahili wana lugha nyingine ya kwanza, mizani inayoweka uzawa kileleni inawatoza walio wengi kwa ajili ya sauti.

6.0 Hitimisho

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na hivyo kuuhamisha mzigo wa kujifunza ambao kwa muda mrefu ulikuwa mabegani mwa mwananchi. Mabadiliko hayo hayatakamilika iwapo umilisi utaendelea kupimwa kwa "anajua" na "hajui". Panahitajika mizani ya Kiswahili inayotenganisha stadi, inayotambua nyanja za matumizi, uchimbaji ukiwa mojawapo, isiyoadhibu lafudhi za lugha za Watanzania, na inayomhusu meneja mgeni kama inavyomhusu mchimbaji. Data za kuanzia zipo katika maduara na mialo ya Kahama na Geita, na wenye data hizo wangali wakizitumia kila siku.