Kibanda cha Siku ya Nane

Rabi Yoshua alichukua fimbo yake na mfuko wa fedha, akafunga safari kwenda Yavne. Siku ya Upatanisho ndiyo siku ya mfungo na toba kuliko zote kwa Wayahudi. Kushika fedha au kusafiri siku hiyo ni kosa zito. Kwa hesabu ya Yoshua mwenyewe, siku aliyosafiri ndiyo ilikuwa hiyo. Alikwenda kwa sababu aliamriwa na Rabban Gamlieli, mkuu wa mahakama, tena aliamriwa makusudi.

Kisa hiki kimetunzwa katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika yapata mwaka 200. Kilianza na mashahidi wawili waliodai kwamba mwezi umeandama. Usiku uliofuata watu wakatazama mbinguni, wasiuone. Gamlieli akaupokea ushahidi wao hata hivyo. Rabi Dosa akasema hao ni waongo: itakuwaje mtu aambiwe mwanamke fulani kajifungua, na kesho yake tumbo bado liko palepale? Yoshua akaona Dosa amesema kweli. Na mwezi uliobishaniwa ulikuwa Tishri, wenye sikukuu zote kubwa za vuli: Mwaka Mpya tarehe 1, Upatanisho tarehe 10, Vibanda kuanzia tarehe 15. Aliyekosea mwandamo kwa siku moja amezikosea zote.

Yoshua alipofika, Gamlieli alisimama akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake kwa elimu na mwanafunzi wake kwa utii. Hakuna aliyemwambia kwamba hesabu yake ilikuwa mbovu. Aliambiwa tu, kwa vitendo, kwamba sikukuu huangukia siku iliyotangazwa na mahakama.

Tangazo hilo lilikuwa na taratibu zake. Yerusalemu kulikuwa na ua mkubwa, Beit Yaazek, ambamo mashahidi wa mwezi walihojiwa na kulishwa vizuri ili mwezi ujao wasione uvivu kuja. Gamlieli naye alikuwa na michoro ya maumbo ya mwezi ukutani kwake, akiwauliza watu wasio na elimu: uliuona hivi, au hivi? Kisha habari ilisafirishwa kwa moto. Mtu alipanda Mlima wa Mizeituni na mti mrefu uliofungwa matete na makapi ya kitani, akauwasha na kuupunga juu na chini mpaka aone mwenzake wa mlima wa pili akifanya vivyo hivyo, na kuendelea kilima kwa kilima kuelekea Babeli. Wasamaria, waliokuwa na ugomvi wao na marabi, wakaanza kuwasha mioto ya uongo. Ikabidi watumwe matarishi.

Tarishi hana kasi ya moto. Wayahudi wa mbali walifikiwa na Vibanda kabla ya kujua kama mwezi uliotangulia ulikuwa wa siku 29 au 30. Njia ya salama ilikuwa kuishika kila sikukuu siku mbili. Upatanisho peke yake uliachwa siku moja, kwa kuwa mfungo wa siku mbili mfululizo ni mateso, ingawa Talmudi, mkusanyo wa mijadala juu ya Mishna, inamtaja Rava wa Babeli kuwa alizifunga zote mbili.

Baadaye kalenda ya hesabu ilichukua nafasi ya macho. Mapokeo yanampa sifa hiyo Hileli wa Pili, katikati ya karne ya 4. Wanahistoria wengi huona kazi hiyo ilichukua muda mrefu zaidi, na wana ushahidi: katika miaka ya 921 na 922 kiongozi wa Wayahudi wa Palestina, Aharon ben Meir, alikorofishana na Saadia Gaon na wakuu wa Babeli juu ya kanuni ya hesabu iliyohusu sehemu 642 za saa yenye sehemu 1,080. Kwa tofauti hiyo ya nusu saa na ushei, Pasaka ya mwaka 922 iliadhimishwa Jumapili na upande mmoja, Jumanne na upande wa pili. Babeli ilishinda.

Basi shaka ilikwisha. Kwa nini siku ya pili haikufutwa? Talmudi inauliza swali hilohilo na kujibu kwa ujumbe uliotoka Palestina: shikeni desturi za baba zenu, maana serikali yaweza siku moja kuwapiga marufuku, na hesabu ikapotea. Mimi naona jibu hilo lina ujanja wa kisheria wa hali ya juu. Kilichoanza kama tahadhari kimegeuzwa desturi, na desturi imepewa nguvu ya sheria.

Pagumu zaidi ni siku ya nane. Mambo ya Walawi yanaagiza kukaa vibandani siku saba, na siku ya nane ni sikukuu nyingine, ya mkutano. Mwenye kuishi ughaibuni anapofika tarehe 22 Tishri yuko njia panda. Kwa hesabu ya kalenda ni ya nane. Kwa shaka ya baba zake ni ya saba. Ikiwa ya saba, lazima ale kibandani. Ikiwa ya nane, kukaa humo kwa kusudi la kutimiza amri ni kuongeza juu ya Torati, nako kumekatazwa. Talmudi ikakata shauri: kaa, lakini usitamke baraka ya kibanda. Kuti changa la mtende, mihadasi na mierebi, vinavyoshikwa pamoja na tunda la etrog katika zile siku saba, havishikwi kabisa siku ya nane. Wafafanuzi wa Ufaransa wa zama za kati walieleza tofauti hiyo: mtu huweza kula kivulini kwa kupunga upepo tu, asishangaze yeyote, lakini nani hutikisa kuti kwa starehe?

Kivulini, kwa watu wa nchi ya joto. Kibanda chenyewe huezekwa kwa kilichoota ardhini na kukatwa, kivuli kizidi jua. Makuti yanafaa, jamvi lililosukwa kwa kuezekea linafaa, mkeka wa kulalia haufai. Paa la namna hiyo huvuja, na Mishna inaruhusu mtu kutoka mvua ikifika kiasi cha kuharibu uji mezani. Inaongeza mfano mchungu: mtumwa anamletea bwana wake kikombe, bwana anammwagia usoni. Palestina mvua ya wakati huo ni nadra. Vuli yao si vuli yetu ya mvua. Ni mwisho wa kiangazi, na sala ya mvua huanza siku hiyohiyo ya nane.

Poland ni hadithi nyingine. Moses Isserles wa Kraków, aliyefariki 1572, aliandika nyongeza juu ya sheria za Yosef Karo wa Safed, na hapo anakiri kwamba kwao watu wengi hawalali kibandani. Anataja baridi, kisha anatoa sababu yake mwenyewe: mume hupaswa kukaa humo kama nyumbani kwake, pamoja na mkewe, na si kila mtu ana kibanda cha faragha. Wahasidi wengi, wafuasi wa vuguvugu la kidini la baadaye, walikwenda mbali zaidi, usiku wa siku ya nane wakala ndani ya nyumba. Wapinzani wao walishangaa: Talmudi imesema waziwazi mkae! Wahasidi walijibu kwamba ndivyo walivyofanya wazee wao. Ajabu ni kwamba jibu hilo ndilo lililoidumisha siku ya pili yenyewe.

Desturi zikigongana si lazima watu wagombane. Benjamin wa Tudela, aliyepita Misri karibu na mwaka 1170, alikuta Fustat masinagogi mawili: la watu wa Babeli, wanaomaliza kusoma Torati kwa mwaka mmoja, na la watu wa Palestina, wanaoimaliza kwa miaka mitatu. Siku ya Furaha ya Torati, inayofunga sikukuu ya Vibanda kwa kucheza na Torati na kushangilia kumaliza kuisoma, walisali pamoja, ingawa wengine huenda walikuwa hawajamaliza kitabu.

Wenyeji wa Nchi Takatifu hushika siku moja tu, na swali la mgeni anayefika kwao bado halijatulia. Wengi, Karo akiwa mmoja wao, wanamtaka mtu wa ughaibuni aliyezuru Nchi Takatifu ashike siku mbili. Rabi Tzvi Ashkenazi, aliyefariki 1718, alisema moja inatosha, kama wenyeji. Wapo hata wa siku moja na nusu.

Asubuhi ya tarehe 23 Tishri, Yerusalemu, mwenyeji yuko juu ya ngazi akifungua kamba za kibanda chake, makuti yakianguka uani. Mgeni wa ghorofa ya juu, aliyetoka London, anashuka amevaa nguo za sikukuu, hana simu wala senti mfukoni. Wanasalimiana. Anakwenda kucheza na Torati ambayo mwenyeji alicheza nayo jana.